Daftari la Geti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlinzi wa geti aligonga kengele mara saba, akatundika nyundo kwenye msumari wake, akasukuma geti mpaka likagusa nguzo, kisha akashusha komeo. Wanafunzi walikuwa wamempa jina hilo hilo, Komeo, wala hakulichukia. Mtu akikuita kwa kazi yako, alipenda kusema, ujue ameiona ukiifanya.

Nje walibaki watano. Wanne walikuwa wanakuja taratibu, kwa mwendo wa watu waliokwisha kukata tamaa, maana ukichelewa dakika moja au nusu saa alama ni ile ile. Wa tano alikuwa anakimbia. Alikuwa msichana wa kidato cha nne, pindo la sketi limelowa, mkono mmoja wa shati umekunjwa na wa pili haujakunjwa, na aliposhika nondo za geti alikuwa ananukia sabuni ya kufulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jina?"

Msichana alimtazama. Jina lake alipewa na huyo huyo anayemuuliza, siku ya saba ya kuzaliwa kwake, na nyumbani hata halitumiki. Huko anaitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na ndiye peke yake aliyebaki baada ya wakubwa kuolewa na kuhamia mbali. Lakini mwongozo ulisema kila aliyechelewa aulizwe jina, naye mzee alikuwa mtu wa mwongozo. Kitinda akataja jina lake lote, la kwanza, la babake na la babu. Mzee akaliandika kwenye mstari wa kwanza. Siku zote alimwandika mstari wa kwanza, hata kama wengine walitangulia kufika, ili asije mtu akasema amemficha mwanawe katikati ya wenzake.

Hiyo ilikuwa alama ya kumi.

Mwongozo wa Nidhamu ulikuja mwanzoni mwa muhula, kijitabu chenye jalada la kijani, na kila mfanyakazi alipewa nakala yake. Zamani aliyechelewa alifagia uwanja na yakaisha. Sasa kuchelewa ni alama moja, na alama kumi na mbili ni kamati. Kamati ikikusimamisha, unakaa nyumbani mpaka muhula uishe. Na kama uko kidato cha nne, jina lako haliingii kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Mwezi uliopita mwana wa muuza mboga alisimamishwa hivyo. Mamake alilia mbele ya kamati, akisema saa ya mwanawe na ya geti hazilingani, na mzee akiwa amesimama mlangoni aliulizwa akajibu, "Daftari halikosei." Kesho yake mkuu wa shule alimsifu mbele ya shule nzima. Kama mlinzi wetu anamwandika mwanawe wa kumzaa, alisema mkuu, wewe ni nani usiandikwe? Wakapiga makofi. Sifa ni tamu, na mzee wa watu hakuwa amepigiwa makofi tangu siku ya harusi yake.

*

"Umeniandika tena," Kitinda alisema jioni, akipuliza jiko nje ya mlango wa chumba chao.

"Daftari limekuandika."

Mama yake, aliyekuwa amelala kitandani kando ya dirisha, akacheka kwa upande mmoja wa kinywa. "Siku hizi madaftari yana mikono?"

Upande wa pili wa kinywa, pamoja na mkono na mguu wa kushoto, ulikuwa umepooza tangu muhula uliopita. Maneno yake yalitoka yakiburura miguu, lakini yalitoka, na utani wake haukuwa umepooza hata kidogo. Mzee alikaa kwenye kigoda, akavua viatu vya kazi, akaanza kuvipangusa vumbi.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula uliopita, geti lilipokuwa bado linafungwa saa moja na nusu, mzee mwenyewe ndiye aliyemwogesha mkewe kabla ya kwenda kazini. Alimbeba, akamkalisha kwenye beseni kubwa, akambadilisha shuka, akamgeuza ubavu. Mwongozo ulipokuja, mlinzi alitakiwa awe getini saa kumi na moja alfajiri. Bomba la mtaa nalo linafunguliwa saa hiyo hiyo ya kumi na moja. Basi kazi yote ikamwangukia Kitinda: apange foleni ya maji, ayapashe moto, ambebe mtu mzima aliyemzidi uzito, amkaushe, amnyweshe chai kwa kijiko, halafu atembee mwendo wa nusu saa na zaidi. Jirani alisaidia wiki mbili, kisha akaanza kufungua mlango akiwa ameshika kiuno, kama mwenye maumivu.

"Ziko kumi," Kitinda alisema. "Bado mbili, baba."

"Amka mapema."

"Naamka saa kumi. Bomba ndilo haliamki."

"Waambie walimu," mama alisema, na maneno hayo alimwelekezea mumewe. "Waambie una mgonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi bado sijafa."

Mzee akaweka kiatu chini. "Unamkumbuka aliyekuwa getini kabla yangu? Mkewe aliugua. Aliomba ruhusa mara ya kwanza, akapewa. Mara ya pili, akapewa. Mara ya tatu aliporudi alikuta kofia yake iko kichwani kwangu." Jambo hilo lilimchoma kila alipolitaja. "Mlinzi mwenye mgonjwa ni mlinzi mwenye sababu. Na wanaoitaka kazi hii wako nje ya geti lenyewe, nawaona kila siku."

"Basi mimi nikojoe kitandani mpaka saa tisa, shule itoke."

"Mama, usiseme hivyo," Kitinda alisema.

"Nasema kwa sababu kinywa ndicho nilichobakiwa nacho, na chenyewe nusu."

Mzee akamgeukia bintiye. Hakuwa mtu mkali, na hata sasa hakupandisha sauti. "Mambo ya kitandani kwa mama yako hayaendi shuleni. Usimwambie mwalimu, wala rafiki. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akaongeza, na mkewe akafumba macho, maana methali ikishatajwa katika nyumba ile mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

*

Alama ya kumi na moja ilipatikana Alhamisi. Ya kumi na mbili ilikuja Jumatatu.

Siku hiyo foleni ya maji ilikuwa fupi na mama alikuwa mwepesi wa kugeuka. Mzee alikuwa amegonga kengele mara tano alipomwona bintiye akikata kona ya ukuta wa shule, mkoba umeshikwa kifuani kwa mikono miwili. Akagonga ya sita. Akagonga ya saba. Chuma kilikuwa bado kinavuma Kitinda alipoweka kiganja kwenye nguzo ya geti.

Ilikuwa hatua moja. Mtu mwingine angeangalia pembeni, akapiga chafya, akakuna kichwa, na hatua hiyo ingepita. Lakini nyuma ya Kitinda walikuwa wanakuja wanafunzi watatu, na mmoja wao alisema, si kwa sauti ya chini, "Haya, leo tuone." Na barazani alikuwa amesimama mwalimu wa nidhamu, ameshika kikombe chake cha chai, macho getini.

Mzee akasukuma geti. Alilisukuma polepole kuliko siku yoyote, kana kwamba analipatia nafasi ya kukataa, lakini lilikuwa geti zuri, yeye mwenyewe analipaka mafuta kila Ijumaa, likaenda mpaka mwisho. Kitinda akaondoa kiganja kabla hakijabanwa.

"Jina?"

Kitinda hakusema jina. Alisema, "Ya kumi na mbili hiyo, baba."

Akaliandika bila kutajiwa.

*

Kamati ilikaa Jumatano saa tatu, ofisini kwa mkuu wa shule. Orodha ya mtihani ilikuwa inafungwa Ijumaa. Walikuwa watatu mezani: mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu, na mwakilishi wa wazazi, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na sokoni.

Kawaida ya kikao hicho ni kwamba mlinzi husimama karibu na mlango, kofia kichwani, akasoma daftari, na mzazi hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mwanawe. Mkuu wa shule akamtazama mzee, akakitazama kiti.

"Mzee wangu, leo hata sijui tukuweke wapi."

"Nianze na kazi, mkuu. Kisha nitakaa."

Akasimama mlangoni, akasoma tarehe kumi na mbili, na baada ya kila tarehe jina lile lile lenye majina matatu, mawili kati yake yakiwa yake mwenyewe na ya babake. Alipomaliza alilikabidhi daftari, akavua kofia, akaketi. Hakujua kofia aiweke wapi. Akaishika gotini.

"Mzazi," alisema mwalimu wa nidhamu, ambaye dakika moja kabla alikuwa anamwita mlinzi. Alikuwa dada wa watu, miaka miwili tu tangu amalize chuo, na kikao hiki kilikuwa kimemnyima usingizi. "Mzazi, una la kumsemea mwanao?"

Likamtoka mzee lile alilolifungia miezi yote.

"Mama yake amepooza. Tangu muhula uliopita. Anayemwogesha na kumbadilisha ni huyu, kwa sababu mimi saa hizo niko hapa."

Kitinda akageuka akamkodolea macho. Alikuwa amekatazwa neno hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba kulisikia mdomoni kwa babake kulimshtua kama tusi. Mkuu wa shule akasema pole, na mwakilishi naye akasema pole sana. Mwalimu wa nidhamu hakusema pole. Alikuwa anafungua kijitabu cha kijani.

"Ukurasa wa kumi na moja," alisema. "Mwanafunzi mwenye udhuru wa nyumbani, mzazi wake ataandika barua kwa shule, na udhuru ukikubaliwa atapewa kibali cha kuingia mpaka saa moja na nusu. Barua iwasilishwe kabla ya alama ya sita." Akainua macho. "Mzee, nakala unayo pale kibandani. Nilikupa kwa mkono wangu."

"Ninayo."

"Hukuisoma?"

"Nilisoma mpaka ukurasa wa nne. Pale unapoishia wajibu wa mlinzi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikilaza kijitabu mezani, akakilainisha kwa kiganja ingawa hakikuwa na kunyanzi. "Ilikuwa barua moja tu," alisema. "Hata ya mistari mitatu." Mzee alikubali kwa kichwa. Jina la mwanawe alikuwa ameliandika mara kumi na mbili kwa kalamu ya shule. Katika barua hiyo angeliandika mara moja.

"Haiwezi kuandikwa leo?" mkuu aliuliza.

"Ya leo itakuwa ya leo, mkuu," alisema mwakilishi. "Yule mama muuza mboga naye alileta barua kwa kuchelewa, tukamrudishia mkononi. Nilimrudishia mimi. Sheria ni msumeno."

Mkuu wa shule akasogeza kiti. Hakuwa mtu mbaya, na zile sifa alizozimwaga mbele ya wanafunzi zilikuwa zimeanza kumuwasha. "Jumatatu nilikuwa dirishani hapa," alisema. "Nilimwona binti ameshika nguzo na kengele inavuma. Mzee, kama siku ile ulikosea, sema. Tukifuta moja zinabaki kumi na moja, na kikao kinaishia hapa hapa."

Kitinda akamgeukia babake.

"Aseme," alisema mwakilishi, "lakini ajue nasi tutaandika kwamba daftari lina makosa. Mama wa yule kijana atakuja kesho asubuhi kudai, na atakuwa na haki. Na mlinzi mwenye daftari la makosa hatuwezi kubaki naye." Hakusema kwa chuki. Alisema kama anavyomtajia mteja bei ya saruji.

Mzee alifungua kinywa. Alikusudia kusema kwamba alikosea. Hilo nalisema mimi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye mwenyewe mpaka leo hajalisema, na kuna wanaosimulia kwamba asingelisema kamwe. Alikusudia. Ila neno lilichelewa. Kinywa kilichozoea kusema daftari halikosei kilikuwa kizito kusema kinyume chake, na katika kuchelewa huko, kwa muda usiozidi mvumo wa kengele, mwanawe akamtangulia.

"Nilichelewa," alisema Kitinda. "Kengele ilikuwa imekwisha. Baba aliandika sawa."

"Una hakika, binti?" mkuu aliuliza. "Fikiri."

"Nina hakika."

Hakuwa anamtazama mkuu. Alikuwa anaitazama kofia iliyokuwa gotini kwa babake. Na mzee, ambaye sasa alikuwa na nafasi yote ya kusema, alinyamaza. Mkuu aliposhusha pumzi alinyamaza, mwalimu alipoandika kwamba binti amesimamishwa alinyamaza, na alipopewa karatasi asaini mahali pa mzazi alisaini, kisha wakampa nyingine asaini mahali pa shahidi, akasaini.

*

Anayetoka shuleni saa za masomo huandikwa kwenye daftari jingine, la kutoka: jina, saa, sababu, sahihi ya mlinzi. Mzee akavaa kofia, akaingia kibandani, akaandika jina bila kuliuliza, akaandika saa nne na dakika ishirini. Kalamu ikasimama kwenye safu ya sababu.

"Andika kwenda nyumbani," Kitinda alisema.

Akaandika. "Kwa nini ulisema vile, mwanangu?"

"Wewe ungesema nini?"

Mzee akatia sahihi kwenye safu ya mwisho.

"Dawa za mama zinatoka kwenye geti hili," Kitinda alisema. "Mimi mtihani nitafanya mwakani." Wote wawili walijua mwakani darasa lile litakuwa na wenyewe, na anayerudi hupokelewa nafasi ikibaki. Lakini lilikuwa neno la kuagana, na maneno ya kuagana hayachunguzwi. Mkoba ulikuwa mzito, kwa kuwa alikuwa amekusanya madaftari yote kutoka dawatini. Mzee alitaka ambebee walau mpaka konani. Mlinzi haruhusiwi kuacha geti. Akainua komeo, akamfungulia, akamwangalia akienda mpaka ukuta ukammeza.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na alipobaki getini hakuna aliyemwambia.

Jioni alipofika nyumbani alikuta shuka ni safi, ndoo zote zimejaa, na Kitinda anafua nguo kwenye beseni uani. Mkewe alikuwa amekwisha kuambiwa. Mzee alikaa kwenye kigoda akisubiri utani, hata ule mkali, kwa maana angeupokea kwa mikono miwili.

"Kitinda," mama aliita. Mtoto akaja, mikono ikidondoka povu.

"Nigeuze, mama. Niangalie ukutani."

*

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu aligonga kengele mara saba, akafunga geti, akashusha komeo. Nje walikuwa watatu. Akafungua daftari la wachelewaji, akaweka tarehe, na mkono wake ukaruka mstari wa kwanza ukaenda wa pili. Alimwandika wa kwanza hapo, akamwandika mwingine chini yake.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekuja mpaka dirishani pa kibanda. Macho yake yalikuwa mekundu, na alionekana anataka kusema jambo jingine kabisa, lakini alichokiona ni daftari.

"Mzee," alisema kwa upole, "umeacha mstari wazi."

"Nimeuona."

"Hauachwi. Mtu anaweza kujaza jina baadaye."

"Najua, mwalimu. Ukurasa wa tatu."

Akachukua rula mezani, akailaza kwenye mstari ule usio na jina, akapitisha kalamu juu yake kutoka ukingo hadi ukingo, mara mbili, ili ionekane. Mstari wa pili haukulingana na wa kwanza. Kisha akamgeukia mwanafunzi wa mwisho aliyekuwa anasubiri kwenye nondo.

"Jina?" akasema.